Fomu ya Maneno Mia Nane

Bango la mlangoni limebadilishwa mara tatu
tangu niajiriwe hapa Bangor.
Kwanza Msaada wa Uandishi, kisha Kituo cha Stadi,
sasa Mafanikio ya Mwanafunzi, na kando yake
yangali matundu ya skrubu za zamani.
Chumba ni kile kile, ghala la karatasi enzi hizo,
kimepakana na printa inayokohoa mchana kutwa.

Mimi si mhadhiri. Wahadhiri hunikumbusha hilo
kwa upole, tukipanga foleni ya supu.
Wala si karani, ingawa mshahara unabisha.
Nawasaidia watu kusema wanachokijua.
Mama, kule Bethesda, huwaambia majirani,
"Heledd wangu anasahihisha nukta,"
nami nimechoka kumkatalia.

Mwezi wa pili, mvua ikikwaruza dirisha,
Gethin wa stadi za hesabu akaketi pembeni na daftari.
Ndiyo zamu yetu: leo anitazame nikifundisha,
wiki ijayo nimtazame yeye.
Hakuna anayepewa alama.
Hata hivyo nilivaa koti langu zuri.

Akaingia Tegid na insha yake ya vidonda.
Umri hamsini na moja; ishirini na sita kati yake
ameimaliza machimboni, akipasua mawe ya kuezekea.
Sasa anasomea uuguzi, na mikono ile mipana
inaishika karatasi kama kigae chenye ufa.
Juu yake mkufunzi ameandika kwa wino wa kijani:
Nenda ukarekebishwe Kiingereza.
Utadhani lugha ni gurudumu la baiskeli.

Nikaanza. Lo, nilivyoanza!
Aya hii ipande, ile ishuke,
hapa taja chanzo, pale punguza,
na Tegid akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo,
hata akaondoka na karatasi
yenye mwandiko wangu kuliko wake.
Nikamgeukia Gethin, nasubiri pongezi.

Alinisomea mstari mmoja:
"Wewe dakika thelathini na nne. Yeye sita.
Nne kati ya hizo alikuwa akisema asante."

Miaka kumi na moja!
Na lile bango nililolibeba kongamanoni Leeds,
ndani ya bomba la plastiki, kwa treni tatu,
lilihusu kumsikiliza mwanafunzi.

Tegid aliporudi niliikalia mikono yangu.
Kweli, niliikalia.
Kalamu nimeisukuma upande wake.
"Unataka kusema nini hapa?"
Kisha nikanyamaza, na kimya kile kilinielemea
kama ndoo ya maji kichwani bila kata.
Printa ikakohoa. Akasoma. Akarudia.
Akakiweka kando Kiingereza, akasema kwa Kiwelisi,
lugha ya jikoni kwao na jikoni kwetu,
kwamba kidonda huanza kunuka kabla hakijabadili rangi,
na muuguzi asiyeinama hatajua.
"Hilo limo wapi humu?"
Akapekua kurasa zote sita.
Halimo.
Alicheka mpaka kifua kikamkwama,
vumbi la machimbo bado linadai chake.

Sasa ni Juni, na shoka limenirudia:
fomu ya kutambuliwa katika taaluma yangu,
maneno mia nane, Eleza ulivyokua, toa ushahidi.
Siku ya tatu hii kishale kinapepesa kwenye weupe.
Ushahidi gani? Nipige picha ya kimya?
Kinyozi hajinyoi,
na ndevu zangu zimefika magotini.

Tegid anachungulia, amekuja kurudisha kitabu.
Anaona skrini tupu. Anaegemea mlango,
bega lake limeziba yale matundu ya skrubu.
"Unataka kusema nini hapa?"
Natamani kumrushia kikombe.
"Kwamba nilijifunza kunyamaza."
"Basi?"

Basi nimeandika: Nilijifunza kunyamaza.
Yamebaki maneno mia saba tisini na nane.