Ritifaa

Saa tano u nusu ya usiku, chuoni Ibra.
Chumba cha seva kina baridi ya kuvalia sweta
na nje lami bado inatema joto la mchana.
Simu ya dawati la msaada inalia.
Ni binti, mwaka wa tatu, uhasibu: Thuwaiba.
Kazi yake ya mwisho inatakiwa saa sita kamili
na mfumo umemfungia nje.

Neno la siri kalisahau. Si ajabu,
wiki ya mitihani wanasahau hadi kula.
Limebaki swali lile la usalama,
linalouliza kama askari wa getini asiyemjua mtu:
Mama yako alizaliwa wapi?

Kajaribu Zanzibar.
Kajaribu Zinjibar, kwa herufi za Kiarabu.
Kajaribu Unguja.
Imebaki mara moja. Akikosa,
asubiri saa ishirini na nne.

"Mama yupo?"
"Yupo, anafunga mizigo. Kesho Jumatano,
ana meza yake soko la wanawake."
"Mpe simu."

Kiswahili kikaingia chumba cha seva
kama mgeni anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa.
"Mimi wa Ng'ambo, mwanangu. Si mjini. Ng'ambo.
Siku ya kujisajili niliandika mwenyewe kwa simu yangu,
huyu angeiharibu."
Nyuma yake binti anauliza, kwa Kiarabu,
ni N, kisha G, kisha A?
"Siyo! Hiyo ng ya ngamia.
Sisi tunataka ng' ya ng'ombe."
"Tofauti yake nini?"
"Kamwulize aliyewakamua wote wawili."

Sheria inasema fundi asifungue jedwali la majibu.
Nilifungua.
Dakika kumi na saba zilikuwa zimebaki, na sheria
haikuwa na mtoto wa kufeli.

Nikaikuta pale, imelala vibaya:
N, g, halafu alama ya "na", halafu alama ya reli,
halafu thelathini na tisa, halafu nuktamkato,
ndipo ambo.
Mfumo huu tuliouziwa na watu wa mbali
unaogopa ritifaa. Unaidhania kisu cha mdukuzi.
Ikija, unaivua nguo, unaipa namba,
kama mfungwa.

Nilicheka peke yangu, feni zikinguruma.
Waliokaa mjini ndio walioiita Ng'ambo,
upande wa pili wa mkono mwembamba wa maji,
mwendo wa kutuma mtoto chumvi.
Kisha mama huyu akapanda meli na sanduku moja
na mtaa wake ukawa ng'ambo kwelikweli.
Sasa mashine imeuvusha mara ya tatu,
hadi mahali panapoitwa thelathini na tisa,
na huko hakuna aliyezaliwa.

Nikafuta tarakimu.
Nikarudisha kile kialama kinachoning'inia
kama uzi uliosahauliwa na mshonaji.
"Bi mkubwa, mwambie aandike sasa. Taratibu.
Ritifaa iko jirani na kitufe cha kuingiza."

Kimya. Vidole. Kimya.
Halafu kigelegele, kimoja, kifupi, cha kuogopa majirani.
Kazi iliingia saa tano na dakika hamsini na sita.

"Na wewe," akauliza Bi Ghanima kabla ya kukata,
"hicho Kiswahili umekitoa wapi?"
Nikamwambia: jikoni kwetu, hapahapa Ibra,
chini ya meza, nikichambuliwa mchele.
"Basi mama yako wa wapi?"
Swali lilelile. Yeye hakuhesabu mara.
Nikasema Wete, akasema ahaa,
akanitajia watu sita wa Wete, wanne wakiwa marehemu.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa.
Swali lina makosa mengi ya tahajia, walisema,
linaiongezea kazi idara.
Wakaweka jipya: Unapenda rangi gani?
Kufikia Alhamisi wanafunzi mia tatu na kumi
walikuwa wameandika buluu.

Jedwali la zamani niliagizwa nilifute.
Nimelifuta.
Nakala rudufu hakuna aliyeniuliza.