Ubavu wa Tairi

Mimi ndiye niliyezifunga, sikatai.
Inchi ishirini na mbili, rimu nyeusi zenye kingo za fedha,
na mpira mwembamba kama ukanda wa kofia.
Kelby Sundquist aliizunguka pikapu yake mara tatu,
mikono mfukoni, akitabasamu kama bwana harusi,
akasema, "Sasa imesimama."
Na kweli, ilikuwa imesimama.

Nilimwambia. Nadhani nilimwambia.
Tairi zilizotoka zilikuwa na ubavu mnene,
na ndani ya ubavu ule mlikuwa na upepo,
na upepo ndio mto wa kulalia.
Ukikuza chuma unapunguza mto;
nafasi chini ya bodi ni ile ile,
kimoja kikinenepa kingine kinakonda.
Tena gurudumu likiwa zito halisikii amri ya springi:
likirushwa linapaa, likishuka linashindilia,
shokapu inalikimbiza
kama mchungaji na fahali wa jirani.
Alinisikiliza huku akijitazama kwenye rimu.

Huku kwetu, mashariki ya Montana, lami ni ya wenye bahati.
Kutoka kwa Sundquist hadi barabara kuu ni maili thelathini na moja
za changarawe iliyojikunja kama bati la paa.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
Kelby humpeleka mama yake mjini
kusafishwa damu kwa mashine.
Bi Ardis ana miaka themanini na moja.
Amewahi kumzalisha ng'ombe gizani, theluji ikimfika magotini.
Kulalamika, kwake, ni kazi ya milango.

Wiki ya kwanza alishika kishikio cha juu ya dirisha.
Wiki ya pili alikunja blanketi akalikalia.
Ya tatu, walipovuka tu lango la ng'ombe,
alivua meno yake ya bandia,
akayafunga kwenye leso, akayatia mkobani,
akatazama mbele.
Kelby aliongeza sauti ya redio:
bei ya ndama, baridi inayoshuka kutoka kaskazini.
Hakuuliza.
Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana,
lakini mama yule kiatu alivalishwa.

Nesi ndiye aliyeuliza. Alikunja mkono wa sweta
atafute mshipa, akakuta kiwiko kimevilia damu,
zambarau tupu, pale kinapogonga mlango.
"Umeanguka wapi, Ardis?"
"Sijaanguka," akasema bila meno. "Nimeletwa."

Jioni hiyo Kelby alinikuta nikifunga karakana.
Hakuzima injini. Hakunitazama.
Akauliza kama naweza kupunguza upepo kidogo.
Nikapunguza pauni sita,
tukaenda hadi daraja la reli na kurudi,
mimi nimekaa kiti cha mama.
Sikusema kitu. Ulimi niliuuma mara mbili.
Kwenye shimo la tatu rimu ikagonga, ngo!
na sote wawili tukakunja nyuso
kama watu waliosikia mfupa.

Zile za zamani, inchi kumi na saba, zilikuwa ghalani kwake,
zimelazwa chini, na ndani ya ile ya nne
kuku alikuwa anaatamia.
Kelby alihamisha mayai kumi na moja,
moja moja, ndani ya kofia yake,
kwa uangalifu ambao sijapata kuuona akiendesha.
Kuku alimdonoa. Akavumilia.

Rimu nyeusi ninazo mimi, ukutani, zinauzwa.
Wanakuja vijana, wanajitazama humo, wanauliza bei.
Nami nawauliza kwanza: nani hukaa kiti cha pembeni?
Wengine hucheka. Mmoja aliondoka bila kujibu.

Ijumaa pikapu ilipita mbele ya karakana,
mnyonge kidogo, mpira mnene, matope hadi milangoni.
Bi Ardis alikuwa dirishani.
Hakunipungia mkono.
Alikuwa anatafuna kitu.