Kona ya Tatu

Pikipiki haina breki. Naanza na hilo
kwa sababu kila ninayemsimulia hucheka,
kisha huuliza tena: haina kabisa?
Haina. Gia moja, methanoli kidogo tangini,
kiatu cha chuma mguu wa kushoto,
na usukani unaukata kulia ili upinde kushoto.
Wanne, mizunguko minne, dakika moja na chembe.
Mchungaji Pickersgill hakuwahi kuhubiri kwa ufupi huo.

Baba alivuta waya kiwandani, Skelbrough.
Wiki nzima nyumbani hakuwa na neno.
Aliliweka akiba hadi Jumamosi, saa moja na nusu,
juu ya ngazi za zege, kona ya tatu,
tepu iruke, injini nne zipasue jioni:
"Mfungie ndani, Preben! Ndani, bwege wee!"

Nilikuwa na miaka saba, na penseli ilikuwa yangu.
Tatu, mbili, moja, sufuri,
kijitabu kimelowa mvua na siki ya chipsi.
Nyekundu na buluu, Korongo wetu;
nyeupe na njano, hao wengine.
Hesabu za shule zilinishinda. Hizi, hata siku moja.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.
Hawakusimama kona ya tatu.
Pale mwenda pole hula changarawe,
na sisi nyuma ya uzio tuliila pamoja naye,
tukaitema, tukaikuta tena Jumapili
kanisani, ndani ya masikio.

Na harufu ile, mafuta ya nyonyo yakiungua!
Niliolewa na mpenda kriketi.
Kriketi hainuki chochote. Nimemsamehe.

Agosti, mbio ya mwisho, thelathini na sita kwa thelathini na sita.
Mpinzani mmoja ametolewa na refa, wamebaki watatu.
Wetu mmoja anashika la pili,
na Preben Lauge, Mdenmaki mwenye meno mabovu,
yuko wa tatu, peke yake, anahitaji kufika tu.
Mnyororo ukakatika.
Akashuka. Akaisukuma.
Nusu mzunguko, changarawe hadi vifundoni, kofia kichwani bado,
na uwanja mzima, hata wageni, ukimhesabia hatua.
Akavuka mstari akaangukia usukani.
Pointi moja. Sare.
Sijaona ushindi ulioshangiliwa kama sare ile.
Baba alivua kofia yake akajifuta macho.
Changarawe, alisema.

Sasa maoni yangu, ambayo hamkuyaomba.
Mpanda wa kuazima, usiku huu avae korongo kifuani,
keshokutwa avae mbweha, wala haoni haya:
simpigii makofi.
Pointi maradufu kwa timu iliyozidiwa ni hesabu ya huruma;
pembeni nilikuwa nikiandika ile ya kweli.
Injini wamezifunga midomo ili majirani walale,
majirani waliohamia wakiujua uwanja upo.
Lakini uzio wa hewa, huo naukubali.
Niliuona ule wa mbao, usiku wa Kel Durrant.
Sitasema zaidi.

Mjukuu wangu ananiambia mla ni mla leo,
si kwa maneno hayo, kwa jicho tu, akirudi kwenye simu yake.
Ana haki. Mla jana kala nini?
Kala changarawe, nimeshasema.

Uwanja sasa ni duka la vigae na mabomba ya bafu.
Pa kuegeshea magari pameinama kidogo upande mmoja:
hapo ndipo. Hawakuweza kupanyoosha.
Huegesha hapo hata kama pana nafasi mlangoni,
na nikishuka, mguu wa kushoto hutangulia.

Nyumbani, Jumamosi, mvua ikianza saa kumi na moja,
husogea dirishani, hutazama mawingu ya magharibi,
nasema, "Wataahirisha."
Mume wangu hugeuza ukurasa wa gazeti.
Siku hizi haulizi tena ni akina nani.