Wa Jana

Kwenye tikiti ya Chimala hadi Mbeya
karani ameandika: abiria 1.
Mjukuu wangu Lugano, wa darasa la sita,
anasema neno hilo lilitoka Uarabuni,
maana yake mvukaji.
Navuka nini, nikamuuliza.
Mchele debe nne, Igurusi, Inyala,
baridi ya Uyole mpaka kwenye meno,
kesho yake nyuma kule kule.
Mto unaovukwa hivyo miaka kumi na tisa
bado ni mto?

Akafungua daftari.
Msafiri naye katoka huko huko,
ila alipofika akavishwa m-,
na wenzake wa-, kama watu wa nyumbani.
Abiria alikataa kubadili nguo:
mmoja abiria, mia abiria.
Nilicheka. Namjua mtu wa namna hiyo,
alioa kwetu, na hadi anakufa hakugusa kande.

Lakini neno langu sikuliona daftarini,
la mtu anayekwenda ili arudi,
anayejua behewa gani dirisha halifungi,
na mbwa wa stesheni hambwekei.

Mkaguzi Mwambene hutoboa tikiti bila kuitazama.
"Wa jana," huniita,
ingawa treni yetu haiji kila siku
na jana hajaniona.

Wiki ile ya homa sikwenda.
Nasikia kijana mmoja alikaa pangu,
tikiti anayo, nauli kalipa.
Mwambene akamgusa bega:
"Sogea, baba. Hapo pana mtu."