Mkia wa Mvua

Wanaosema dalili ya mvua ni mawingu
hawajalala Tukuyu.
Hapa mawingu huingia bila hodi,
hukaa jikoni mchana kutwa, na pengine lisidondoke hata tone.

Baba yangu, Nsajigwa, hakusoma mawingu.
Kila saa tatu asubuhi alivaa buti,
akapita migombani hadi kwenye kopo la shaba,
akamimina maji katika chupa nyembamba yenye mistari, akainama
hadi jicho likalingana na maji,
kisha akaandika: 14.2. 0. 0. 61.7. Ukungu tu.
Madaftari kumi na tisa. Miaka thelathini na mmoja.

Mimi nimepewa kalvati,
pale kijito kinapoikata barabara ya chai.
Wakubwa wanataka mvua ya miaka hamsini,
kana kwamba ni mgeni aliyeaga akataja siku ya kurudi.
Nimewaambia: haiji kwa zamu.
Kila mwaka mkono unaingia upya guniani,
punje hamsini za mahindi, moja nyekundu,
na ile ya mwaka jana imesharudishwa.
Gunia halikumbuki.

Usiku naingiza tarakimu za baba kwenye kompyuta.
Mvua ndogondogo zinarundikana kushoto kama kichuguu.
Kisha mchoro unateremka, unanyooka kulia,
unakonda, unakonda,
wala haugusi chini.
Madaraja huvunjwa na mkia huo.

Nachagua umbo la mtawanyo, nalikataa, nachagua jingine.
Moja lanipa milimita mia na arobaini,
jingine mia mbili na kumi.
Kati yao kuna malori mawili ya saruji
na watoto wanaovuka kwenda shule.

Daftari la kumi na moja, Aprili, tarehe kumi na tisa.
Hakuna tarakimu. Wino umechuruzika:
"Kopo lilijaa, likamwagika. Sikuweza kujua."
Siku hiyo shangazi Subilaga alikuwa anatoka sokoni.
Kapu lake lilionekana chini huko, karibu na Mbaka.

Programu haitaki maneno.
Niweke sifuri, ni uongo. Niruke, ni uongo mkubwa zaidi.
Nimeketi hadi jogoo wa kwanza nikitafuta namna
ya kuifundisha mashine neno moja: zaidi.

Asubuhi baba, asiyeona vizuri siku hizi,
ameniuliza ya leo ni ngapi.
Nimeinama.
"Tatu nukta nne."
"Soma tena," akasema.