Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kisanduku kilifika Jumanne, Debrecen imejaa theluji ya matope:
bahasha sita, penseli moja, kijitabu cha kurasa arobaini.
Forinti elfu kumi na nane. Nimelipa mwenyewe,
maana chumvi ya mchuzi wa bure haisemwi.

Nianze na sifa, Bálint Kerekgyártó anazistahili.
Unawaza jina la mtu ambaye humtaji tena.
Unaliandika. Anaipasua karatasi kwa mkono mmoja, wa kushoto,
vipande anakutilia bahashani, ushike wewe,
kisha anakaa mbali kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.
Hakuulizi herufi. Hakuulizi chochote.
Kimya kile ni chake, na ni kipya;
miaka thelathini naangalia mikono ya watu, sijakiona kwa mwingine.
Siri siitoboi. Mwenye kutaka, anunue.

Nimeujaribu mara tatu.
Muuza soseji wa Mtaa wa Piac alicheka, akaniongezea haradali.
Kwa kijana wa kwenye tramu nilikosea,
na kosa ni langu, nilikuwa nawahi kushuka.
Mara ya tatu nitaisema.

Sasa ukurasa wa thelathini na moja:
“Wazo hili lilinijia usiku mmoja wa mvua.”
Bálint,
mvua hiyo ilinyesha Miskolc, wewe hujazaliwa,
juu ya bati la kantini ya wafanyakazi wa reli,
Ilka Varjas kasimama juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja,
na penseli aliyoitafuna ikabaki urefu wa kidole gumba.
Hakuchapisha kitu. Aliyetaka kujifunza alimlipa makaa ya mawe.
Na kila akimaliza alisema, bila kuulizwa:
mpasuo huu si wangu,
ni wa Zsombor, mfunga geti la reli,
aliyeuacha mkono wake wa kulia kati ya mabehewa mawili.

Alipasua kwa mmoja kwa kuwa hakuwa na wa pili.
Sisi wenye miwili tunauficha mmoja mfukoni,
tunauita ustadi.

Mla ni mla leo, msemo naujua.
Ila chungu hakikujitelekea jikoni chenyewe.
Mnyonge mnyongeni;
haki yake ni mistari miwili ya wino, basi,
hata forinti moja haiongezeki.

Nunueni. Nyota nne.
Halafu fungueni ukurasa ule, mchukue penseli yake,
muandike pembeni majina mawili.
Nafasi ipo. Nimepima.

Mara ya tatu ilikuwa kwa shemeji yangu Piroska, jikoni kwake.
Aliandika jina la mama yake.
Nilipolitamka alikiweka kikombe chini, polepole,
kama kwamba meza inalala,
akaniuliza, “Umejuaje?”

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado mfukoni.
Nilishindwa kuutoa.