Mfuta Vioo Apanda Mnara

Nilidhani mnara wa taa hukaa ufukweni,
miguu ndani ya povu.
Huu wa Key West uko mtaani,
umebanwa na mapaa ya mabati na mikungu,
kama mtu mrefu aliyekosa siti.
Jogoo mwekundu anavuka barabara bila haraka,
magari yanamsubiri.
"Wa nani?" nikauliza.
"Wa kisiwa," akajibu Bi Ozella, mkata tiketi,
akaihesabu chenji yangu mara mbili.

Tumetoka Miami alfajiri, mimi na Tunu.
Alikuwa anahesabu madaraja
mpaka usingizi ukamwibia hesabu.
Ana miaka tisa. Kwake hapa ni mahali pa aiskrimu.
Kwangu ni Jumapili ya kwanza tangu Februari
nisiyoning'inia.

Kazi yangu ni vioo.
Ghorofa ya thelathini, ya arobaini,
kamba kiunoni, ndoo ubavuni,
nafuta chumvi ambayo upepo utairudisha kesho.
Bi Ozella aliposema walinzi wa taa
walipanda usiku na mafuta,
wakapanda tena asubuhi na kitambaa
kufuta masizi,
nilitaka kuuliza: kitambaa gani?
Siki au spiriti?
Mshahara ulifika kwa wakati?

Muheza, kufuta chemli ilikuwa kazi yangu,
kwa kuwa kiganja changu pekee kilipenya kwenye chimni.
Gazeti la juzi, pumzi ya joto, zungusha.
Ukiacha alama ya kidole, usiku kucha
inatembea ukutani kama buibui.

Mnara wa kwanza, alisema, ulichukuliwa na tufani
pamoja na waliokimbilia ndani yake
wakiyaamini matofali.
Alisema hivyo huku akipanga postikadi.
Huu wa pili wakausogeza mbali na maji;
miti ikakua, nyumba zikaota,
mabaharia wakaanza kuukosa,
ikabidi uongezwe kimo.
Nimeipenda hiyo: mti ukikuzidi, ongeza tofali.
(Huenda na miti waliikata. Sikuuliza.)

Ngazi themanini na nane za chuma, zimejisokota.
Tunu anahesabu kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili,
tukapotezana kwenye hamsini na tatu,
tukabishana, akashinda.
Juu, mlango mfupi. Unainama, unatoka,
na mimi, mtu wa ghorofa ya arobaini,
nikashika chuma kwa mikono miwili.
Magoti yakalegea.
"Baba, unaogopa?"

Si urefu.
Kazini natazama kioo,
natazama meza za watu, vikombe vyao,
na bahari naipa kisogo.
Miaka sita.
Leo imenijia yote usoni, na kamba sina:
kijani pale penye matumbawe, kisha samawati,
kisha wino, pale mwamba unapokatika ghafla.

"Meli zilivunjikia kule," nikamwonyesha.
"Watu wa hapa waliishi kwa kuopoa mizigo."
"Sasa taa waliitaka," akasema, "au hawakuitaka?"

Nikasema tushuke.

Kioo chenyewe kiko chini, nyumbani kwa mlinzi,
kinamzidi Tunu kimo, pete juu ya pete,
na kila pete imembeba Tunu mdogo, kichwa chini.
Karibu na ukingo, alama ya kidole, ina mafuta,
mpya, pengine ya leo.
Kitambaa hakikosi mfukoni mwangu.
Kibao kinasema: Usiguse.
Nikasogea, nikahema;
ukungu ukapanda, kidole kikaonekana vizuri zaidi,
mistari yake yote.
Bi Ozella akaenda dirishani kumwangalia jogoo,
akakaa huko kuliko jogoo yeyote anavyostahili.

Pumzi ya joto. Zungusha.

Garini, daraja la tatu au la nne,
nilidhani amelala.
"Baba," akasema, "kule juu kulikuwa na nyingine."